Sura ya Tano: Nunua Bila Akaunti

Mama Chiriku alikuwa amelazwa wodini, kwenye kitanda cha dirishani, mkono wa kushoto umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko, jicho moja limevimba hata halifunguki. Inspekta alivuta kiti akakaa, akaweka daftari juu ya goti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na mazoea ya kumwacha mtu amalize maneno yake hata kama yanamchukua muda.

"Pole sana, mama. Najua jana ulishaandikisha maelezo. Naomba unieleze na mimi, taratibu."

"Nieleze mara ngapi? Mtoto wangu yuko wapi?"

"Hilo ndilo lililonileta."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa kumi na sita zilikuwa zimepita tangu aliyekuwa mumewe, fundi wa majokofu, amvunje mkono pale mlangoni kwake na kuondoka na binti yao wa miaka sita. Mtoto huyo kila mtu alimwita Chiriku, kwa kuwa hakuishiwa maneno tangu alipojua kusema. Mahakama ilikuwa imempa mama ulezi na kumpiga marufuku baba asimkaribie. Kwa miezi minane mama na mwana walikuwa wameishi mahali ambapo baba hakupajua. Sasa simu ya baba haikupatikana, karakana yake ilikuwa na kufuli, na ilijulikana kwamba aliwahi kuapa atampeleka mtoto kwa jamaa zake ng'ambo ya mpaka, mama asimtie machoni tena.

"Alifikaje mlangoni?" aliuliza Inspekta.

"Aligonga mara tatu. Taratibu. Ko, ko, ko. Akasema ni mzigo. Nikafungua."

"Huwa unafungua kila anayegonga?"

"Sifungui! Lakini mara tatu ni dada yangu. Tulikubaliana hivyo, mimi na yeye. Mtu mwingine akigonga nanyamaza kama sipo."

"Na nani mwingine anapajua unapoishi?"

Mama Chiriku alilamba midomo iliyokauka. "Maktaba ninakofanya kazi hawajui. Shuleni niliandika anwani ya dada. Mwenye nyumba ananijua sura tu."

"Kwa hiyo anayejua ni dada."

"Usiniulize hivyo, afande."

"Sijauliza kitu."

"Umeuliza." Akageuza uso ukutani. Akasema, bila kugeuka, "Ni yeye peke yake."

Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari, akalifunika.

* * *

Dada mkubwa alikuwa mshonaji wa sare za shule. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani tatu, mbili kati ya hizo zimefunikwa, na kamba iliyojaa sketi za bluu zisizo na vifungo. Alikuwa ameshapata habari tangu jana. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mikono ilikuwa bado inafanya kazi, kama kwamba ikisimama ataanguka.

"Kapatikana?" aliuliza kabla hata wageni hawajavuka kizingiti.

"Bado," alisema Inspekta. Nyuma yake Koplo, msaidizi wake, mwanamume mrefu asiye na subira, aliinamisha kichwa kukwepa sketi. "Mara ya mwisho kuonana na shemeji yako ilikuwa lini?"

"Mimi sina shemeji."

"Aliyekuwa shemeji yako."

"Miezi mitano iliyopita. Alikuja hapa, akasimama hapo hapo uliposimama wewe. Akaniuliza mdogo wangu kahamia wapi, nikamwambia aiulize cherehani."

"Akakupa nini?"

"Alinipa kofi." Alisema hivyo huku akikata uzi kwa meno.

"Hukuja kituoni."

"Ningekuja, mdogo wangu angesikia. Angesikia, angehama tena. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupata marafiki."

Inspekta alingoja. Kisha akasema, "Jana aligonga mara tatu."

Mguu wa mshonaji ukasimama juu ya kanyagio. "Nani kakwambia habari za mara tatu?"

"Mdogo wako."

"Kasema mimi nimemwambia huyo mtu?"

"Kasema unayejua ni wewe peke yako."

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti cha chuma barazani. Mshonaji aliitoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya meza, akaisukuma kwa kidole hadi mbele ya Koplo.

"Basi kasema," alijibu, akarudi kwenye sketi yake.

Koplo aliipekua simu ile kwa nusu saa nzima na hakuambulia kitu. Walipotoka nje alisema, "Mtu anaweza kufuta, afande. Siku hizi hata watoto wanajua kufuta."

"Anaweza."

"Kwa hiyo tumchukue?"

"Lile kofi," alisema Inspekta, "lilitoka kwa kubanwa. Mtu anayetaka kujisafisha angeanza nalo. Angelionyesha na alama yake. Twende nyumbani kwa mama."

* * *

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi mwembamba unaonuka rangi mpya. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa karibu na mlango, ambapo stuli ilikuwa imelala kifudifudi na doa la damu limekaukia sakafuni. Kando ya ukuta palikuwa na jozi ya viatu vyeusi vya shule, vidogo, soli bado safi. Baba alikuwa amembeba mtoto miguu mitupu.

Chini ya kitanda Koplo alivuta boksi tupu. "La viatu, afande. Limetoka duka la mtandaoni."

Inspekta alilipeleka dirishani. Juu yake palikuwa na karatasi iliyochapwa. Alisoma mara moja, akatulia, akasoma tena kwa sauti.

"'Bi Tulivu. Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kulia. Usipige kengele. Gonga mara tatu.'"

Koplo alikuna kichwa. "Bi Tulivu ndiye nani?"

Inspekta alimpigia Mama Chiriku wodini, kwenye simu yake ya mkononi.

"Mama, yule mtu jana alisema 'mzigo' tu, au alisema mzigo wa nani?"

Upande wa pili kitanda kililia, kama mtu anayejiinua.

"Mama?"

"Mzigo wa Bi Tulivu," alisema Mama Chiriku polepole. "Mungu wangu. Alisema mzigo wa Bi Tulivu."

"Dada yako anamjua Bi Tulivu?"

"Hakuna anayemjua! Jina hilo nililibuni pale pale, nikiwa na simu mkononi. Walitaka jina, nami sikutaka kuandika langu. Viatu vya mtoto vilikuwa vimetoboka na mimi naogopa kwenda madukani. Na ile ya kugonga niliandika ili mleta mizigo asinikute nimejifungia. Kwa hiyo si dada."

"Sijui bado. Ulinunua kwa simu gani?"

"Hii ninayozungumza nayo. Lakini malipo nilifanya kwa laini ya zamani, ndiyo yenye akiba yangu. Huwa naiwasha dakika tano, nalipa, nazima. Kisimu chenye laini hiyo kiko kwenye droo ya vijiko."

"Na huko dukani una akaunti?"

"Zamani tulikuwa nayo, ya nyumbani. Nilipoondoka niliifuta kwenye simu yangu. Safari hii nilibonyeza pale palipoandikwa 'Nunua bila akaunti'. Nilisoma vizuri, afande. Mimi ni mtu wa kusoma."

Koplo alikuwa na jibu lake tayari. "Mleta mizigo," alisema, na kufikia saa tano mleta mizigo mwenyewe alikuwa amesimama ukumbini na kofia ya pikipiki kwapani, mtu wa miaka hamsini na ushei mwenye ndevu za mvi.

"Juzi ulileta boksi hapa," Koplo alimwanza. "Jana mtu akaja na maneno yale yale yaliyoandikwa juu ya boksi. Ulimwuzia kiasi gani?"

"Nimuuzie nini?"

"Usijitie hamnazo, mzee!"

"Mwanangu," alisema mleta mizigo bila kupandisha sauti, "kwa siku napeleka mizigo arobaini. Nikishabonyeza kwamba umefika, anwani inafutika kwenye simu yangu. Hata hapa nimefika kwa sababu mmenielekeza nyinyi. Ungenipiga jana uniulize Bi Tulivu anakaa wapi, ungenipiga bure."

"Mteja yeyote alikupigia baada ya hapo? Mwanamume?" aliuliza Inspekta.

"Hapana, mama. Na boksi nilimkabidhi mwenyewe. Palikuwa na binti mdogo nyuma yake, alinieleza habari za shule nzima kabla sijashuka ngazi." Akamtazama Inspekta. "Ndiye huyo aliyepotea?"

"Ndiye."

Mleta mizigo aliivaa kofia yake, akaivua tena, hakujua aifanyie nini.

Alipokwenda zake, Inspekta alifungua droo ya vijiko. Kisimu kilikuwa kimeviringishwa kwenye kitambaa. Alimpigia tena mama, akapewa namba ya kukifungulia, akakiwasha. Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, yote kutoka duka lile lile. Wa kwanza ulikuwa wa siku nne nyuma: Karibu tena! Tumekutambua. Oda yako tumeiweka kwenye akaunti yako. Wa pili ulikuwa wa juzi, ukisema mzigo umefika. Wa tatu ndio uliomfanya Inspekta aketi juu ya kitanda.

"Soma saa," alimwambia Koplo.

"Leo. Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. 'Namba yako ya uthibitisho ni 4417. Usimpe mtu yeyote.'" Koplo alikunja uso. "Saa moja asubuhi mama alikuwa anafungwa plasta."

"Na kisimu kiko kwenye droo, kimezimwa. Sasa aliyeiomba namba hiyo ni nani?"

* * *

Ofisi za duka zilikuwa juu ya duka la vioo, vyumba vitatu vyenye meza nyeupe na watu wanaozungumza kwa kunong'ona. Meneja aliisoma hati ya hakimu aliyoletewa na Inspekta, ya kukagua oda, mstari kwa mstari, akaisoma na nyuma ambako hakukuwa na maandishi, kisha shingo upande akawapeleka kwa mbunifu wa kurasa.

Mbunifu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye kikombe cha chai kilichopoa kando yake. Aliwavutia viti.

"Ukurasa wa malipo ni kazi yako?" aliuliza Inspekta.

"Ni wangu, ndiyo. Kuanzia kikapu hadi kitufe cha mwisho."

"Basi nunua kitu mbele yangu. Fanya kama wewe ni mama ambaye hataki kujulikana."

Mbunifu alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Alichagua viatu vya mtoto, akaviweka kikapuni, akabonyeza. Kwenye skrini vikatokea vitufe viwili, kimoja cha kuingia kwenye akaunti, cha pili kimeandikwa Nunua bila akaunti.

"Simama hapo," alisema Inspekta. "Mtu akibonyeza hiki cha pili anategemea nini?"

"Kwamba hatutamsumbua na maneno ya siri. Watu wengi hawayakumbuki. Zamani tulikuwa tunamlazimisha kila mtu afungue akaunti kwanza. Kati ya kumi waliofika hapa, sita waligeuka."

"Mimi ningetegemea kwamba hamnijui."

Mbunifu alikitazama tena kitufe cha pili.

"Endelea."

Akaandika jina la kubuni, anwani, maelekezo. Alipofika kwenye malipo akaweka namba yake ya simu. Ukurasa ukapepesa, ukamkaribisha tena.

"Hapo," alisema Inspekta. "Kimetokea nini hapo?"

"Mfumo umeiona namba. Namba hiyo ina akaunti ya siku nyingi, kwa hiyo oda imewekwa humo, ili mteja asiipoteze. Watu walikuwa wanatupigia simu wakilalamika kwamba hawaoni walichonunua."

"Bila kumwuliza?"

Mbunifu alichukua kikombe cha chai, akakirudisha bila kunywa. "Palikuwa na swali. Niliandika mwenyewe. 'Tunaona una akaunti. Tuiweke oda hii humo?' Ndiyo, au hapana. Likaondolewa mwaka jana."

"Nani kaliondoa?"

"Lilikuwa linawasitisha wateja," meneja aliingilia. "Mteja akisita anaweza kuondoka. Tulipima. Kwa wastani swali lile lilimchelewesha mtu sekunde nne. Tulipoliondoa, mauzo—"

"Sijauliza mauzo." Inspekta hakumtazama. Alimwelekea mbunifu. "Fungua akaunti yenyewe. Namba ni hii."

Mbunifu aliandika namba ya kisimu cha droo. Akasoma kwa sauti iliyokuwa inapungua kadiri alivyosoma. Akaunti ilifunguliwa miaka minne iliyopita. Ilikuwa imeingizwa kwenye simu mbili. Ya kwanza ilitolewa miezi minane iliyopita, tarehe ile ile aliyohama mama. Ya pili haikuwahi kutolewa.

"Kwa hiyo mke alitoka," alisema Koplo, "mume akabaki ndani."

"Siku nne zilizopita oda ya viatu imeingia humu," aliendelea mbunifu. "Ujumbe wa kwenye simu ndogo ni kwa namba. Lakini programu ya duka nayo hutoa taarifa kwenye kila simu iliyo ndani. Juzi jioni ilitoa taarifa kwamba mzigo umefika. Ile simu ya pili ikafungua 'Oda zangu'. Jina la mpokeaji, anwani, maelekezo, vyote viko hapo."

"Alikaa hapo muda gani?"

"Dakika kumi na moja."

Koplo alipiga mluzi mdogo. Inspekta aliandika: dakika kumi na moja. Karatasi tatu nyuma palikuwa na neno aliloandika hospitalini, 'dada'. Aliifungua karatasi hiyo, akalikata kwa mstari.

"Sasa nieleze ya leo asubuhi. Saa moja na dakika kumi na mbili duka lenu limetuma namba ya uthibitisho kwa mama aliyekuwa wodini."

Vidole vya mbunifu vilienda haraka sasa. "Ni ile simu ya pili. Ameingia dukani, amechagua vitu, akabonyeza..." Akageuka. "Amebonyeza 'Nunua bila akaunti'."

"Ili asijulikane," alisema Inspekta.

"Lakini simu yake tayari iko ndani ya akaunti, kwa hiyo mfumo umemtambua. Na kwa kuwa amechagua kulipa mzigo ukifika, mfumo umetaka uthibitisho. Ukaupeleka kwenye namba ya mwenye akaunti."

"Ambayo ni ya mkewe."

"Ndiyo. Hakuipata, akaacha njiani."

"Ameacha njiani, lakini alikuwa ameshajaza nini?"

Mbunifu alimtazama meneja. Meneja alikohoa, akairekebisha tai.

"Hilo ni gumu kidogo, mama. Hati inasema oda. Hiki si oda, ni kikapu kilichoachwa. Tunavihifadhi kwa ajili ya kumkumbusha mteja, lakini kisheria mtu hajanunua, kwa hiyo hajatupa ridhaa ya—"

"Mtoto ana miaka sita," alisema Inspekta kwa sauti ile ile ya chini. "Amelala usiku mmoja mahali tusipopajua, na aliyemchukua amemvunja mama yake mkono. Leo au kesho atavushwa mpaka. Ukitaka nirudi kwa hakimu aongeze neno 'kikapu', nitakwenda. Ni mwendo wa saa moja na nusu, kwenda na kurudi. Nitakachokiandika kwenye ripoti ni saa niliyofika hapa na saa niliyotoka."

Meneja alikuwa bado anatafuta la kusema wakati mbunifu alipoigeuza skrini.

Kikapuni mlikuwa na gauni la mtoto, soksi jozi mbili, viatu namba ishirini na nane na boksi la penseli za rangi. Jina la mpokeaji: Bwana Mpangaji. Chini yake palikuwa na anwani ya ghala moja nyuma ya kiwanda cha barafu, na maelekezo: Chumba cha ndani, pita kwenye majokofu mabovu. Usipige simu. Acha mlangoni.

Koplo alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Inspekta alikunja daftari, akainuka. Mbunifu naye aliinuka, kama anayemsindikiza mgeni, lakini hakutoka nyuma ya meza.

"Huyo mama," alisema, "atapona?"

"Mkono utaunga."

"Mimi nilitaka tu watu wasisumbuke."

"Najua. Naye alitaka hivyo hivyo."

"Nikilirudisha lile swali..."

"Tutalijadili kwenye kikao cha mwezi," alisema meneja.

Mbunifu alikaa. Inspekta alipofika mlangoni aligeuka, akamwona ameivuta kibodi karibu na kuanza kuandika, na meneja amesimama juu ya bega lake akimwuliza anafanya nini.

* * *

Ghala lilikuwa la mabati, na mlango wake mkubwa ulikuwa wazi nusu. Ndani majokofu mabovu yalisimama safu kwa safu, mengine hayana milango, mengine yamejaa nyaya. Askari wanne walipita pembeni. Inspekta alitangulia katikati, na kabla hajafika mwisho alisikia sauti ya mtoto.

"...halafu mwalimu akasema asiyemaliza hatoki, nami nilikuwa nimemaliza zamani, lakini sikutoka kwa sababu rafiki yangu alikuwa bado. Baba, unasikia? Baba, husikii. Tunaondoka lini? Nataka kumwona mama."

"Nyamaza kidogo," alisema mwanamume.

"Umesema hivyo jana."

Inspekta aliusukuma mlango. Chumba kilikuwa na godoro, ndoo ya maji na begi la safari lililofungwa. Chiriku alikuwa ameketi juu ya jokofu lililolazwa, amevaa shati la baba yake lililomfika vifundoni, miguu inaning'inia. Fundi alikuwa amechutama chini yake akimfunga kitambaa kwenye kidole cha mguu kilichokatwa na bati. Aliinua kichwa. Aliwaona askari, akaona na dirisha dogo lenye nondo. Hakukimbia.

"Ondoka hapo, mzee. Simama ukutani," alisema Koplo.

Alisimama. Walipokuwa wanamfunga pingu alimtolea macho Inspekta. "Nani kaniuza? Yule mshonaji?"

"Hakuna aliyekuuza."

"Kuna mtu kasema! Hapa hapajui mtu!"

"Wewe ndiye uliyesema," alijibu Inspekta. "Leo asubuhi, saa moja na dakika kumi na mbili."

Fundi hakuelewa, na Inspekta hakumfafanulia. Alikwenda kwenye jokofu, akanyoosha mikono.

"Mimi natoka kwa mama yako. Utakuja nikubebe, au utatembea?"

Chiriku alimpima kutoka juu hadi chini. "Mama kalia?"

"Kalia kidogo."

"Mimi sikulia," alisema mtoto. Akajitupa mikononi mwake, akaficha uso begani, na kwa mwendo mzima hadi garini hakusema hata neno moja. Hapo ndipo Inspekta alipojua jinsi alivyokuwa ameogopa.

* * *

Walimpitia mshonaji njiani. Alipanda gari bila kufunga chumba chake cha kazi, akampakata mtoto, akamshika mguu wenye kitambaa, na Chiriku akarudiwa na maneno yake yote kwa mkupuo. Lakini walipofika wodini alimteremsha mtoto mlangoni, akamwacha akimbie peke yake. Yeye alibaki ukumbini.

"Ingia," alisema Inspekta.

"Nimemleta. Inatosha."

Inspekta aliingia. Mama Chiriku alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, analia na kucheka, na mtoto anamweleza habari za majokofu. Ilibidi Inspekta angoje. Kisha akainama, akamweleza kwa maneno machache: laini aliyolipia, akaunti ya zamani, simu ya mume iliyobaki ndani, dakika kumi na moja. Alisema kwa sauti ya kutosha kufika ukumbini.

"Lakini nilibonyeza 'bila akaunti'," alisema Mama Chiriku.

"Ulibonyeza. Hukukosea popote."

"Na dada..."

"Dada yako alipigwa kofi kwa kukataa kusema. Miezi mitano iliyopita. Hakukwambia, ili usije ukahama."

Mama Chiriku alifunga jicho lake moja zima. Alipolifungua, dada yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefumbatwa kifuani, nyuzi za bluu zimemganda kwenye mikono ya blauzi. Walitazamana. Chiriku alimwangalia huyu, akamwangalia yule, na kwa mara ya pili siku ile akakosa la kusema.

"Dada," alisema Mama Chiriku. "Nilikushuku."

"Najua."

"Usiku kucha. Nilikuwa nahesabu watu wanaojua, nikifika kwako naishia hapo."

"Najua. Mimi pia nilihesabu, nikajikuta niko peke yangu." Mshonaji alipangusa pua kwa kiganja. Alivuka chumba, akafika kitandani, akalitazama lile jicho lililovimba na ule mkono wa plasta, kama anayetazama mshono ulioharibiwa na mtu mwingine.

"Sogea," alisema, "nami nikae."